Kumsomea Fundi Barabara

Nilichoka kabla hata hatujatoka nyumbani. Siku nzima ya jana yake nilikuwa nikipanda na kushuka vile vingazi vya gari, mashuka mkononi, sufuria kwapani, dumu la maji likinivuta bega, na magoti yakilalamika kila nikikanyaga. Mume wangu alikuwa chini ya gari akigongagonga vyuma na kupiga mluzi, hana hili wala lile. Watu wote humwita Fundi, nami humwita hivyohivyo, maana ndivyo nilivyotambulishwa kwake siku ya kwanza na sikuona haja ya kubadilisha. Yeye huniita Mwalimu. Shuleni nilishastaafu, lakini kwa huyu bwana bado sijapewa barua.

Gari lenyewe ni basi dogo la zamani. Fundi alilikuta limetelekezwa nyuma ya karakana alimokuwa akiunda bodi za mabasi, akaliomba, akapewa, na watu wakamcheka. Akalitia kitanda nyuma, jiko la gesi la plate mbili, sinki, na makabati yenye vishikizo vya kuzuia sahani zisiruke njiani. Mapazia nilishona mimi. Watoto wetu waliliita Kobe, kwanza kwa sababu linatembea na nyumba yake, pili kwa sababu halijawahi kulipita gari lolote isipokuwa lililoharibika. Tangu tustaafu, kila mwaka mvua zikikatika, tunakwenda nalo kwenye kambi moja ya mtoni. Tunakaa palepale kila mara, kwenye kona ya mto, tunakunywa chai, tunatazama maji, tunarudi.

Ila safari hii nilikuwa na mzigo mwingine ambao hauonekani. Mwezi uliopita tulimtembelea binti yetu, na Fundi alipokuwa akirudisha gari nyuma aligonga nguzo ya geti, palepale wajukuu wanapochezea. Akashuka, akaipapasa ile nguzo kwa kiganja, akatangaza kwamba aliyeijenga aliijenga upogo. Binti yetu hakucheka. Alinivuta jikoni akafunga mlango.

"Mama, baba asiendeshe tena. Mnyang'anye ufunguo."

"Mnyang'anye wewe. Si baba yako?"

"Mimi hatanisikia. Wewe atakusikia."

"Huyo? Atanisikia mimi? Mwanangu, umeishi nyumba gani wewe?"

Lakini yule mtoto ana kichwa cha baba yake, na mwishowe nilimwahidi. Nilimwambia tutakwenda mtoni mara moja tu, na tukishafika, Fundi akishapumzika na kunywa chai yake, nitamwambia kwamba hii ndiyo safari ya mwisho. Nilidhani kosa lake ni uzee tu, mikono imekuwa mizito na kichwa kimekuwa kigumu zaidi. Hata hivyo usiku sikupata usingizi. Kumnyang'anya Fundi ufunguo wa Kobe ni kumnyang'anya kitu kinachomtoa kitandani asubuhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama somo, utangulizi, kiini na hitimisho.

"Haya, nisomee," akasema tulipoingia barabara kuu.

Hiyo ndiyo desturi yetu. Safari za mwanzo alikuwa akisinzia kwenye barabara zilizonyooka, akaniomba nizungumze asilale. Sasa mtu utazungumza nini kutwa nzima na mwanamume uliyeishi naye maisha yako yote? Yaliyokuwepo ya kusema tulishayasema. Basi nikaanza kumsomea barabara kama ninavyomsomea mtoto kitabu. Lori linakuja. Kona ya kushoto. Mbuzi hao, wanafikiria kuvuka. Yeye anaitikia "mm," mimi naendelea. Ikazoeleka, ikawa bila mimi kusoma Kobe haliendi.

"Kuna pikipiki mbele, imebeba godoro," nikasema. "Upande wako kuna lori la bluu, bado liko mbali. Sasa linakaribia. Limepita. Daraja hilo, jembamba. Kuna mama anatembea kwa miguu upande wangu, mpe nafasi."

"Mm."

Ilipokaribia saa sita koo lilikuwa limekauka na mgongo umekufa ganzi. Jua lilikuwa linanichoma mkono mmoja tu, ule wa dirishani. Nilimwomba tusimame kwenye kituo cha mafuta ninyooshe miguu. Akasema tukisimama tutachelewa. Nikanyamaza kidogo kumeza mate, na hapohapo tukaingia kwenye shimo. Makabati yote yakaruka, kikombe kimoja kikavunjika, na mimi nikapiga kichwa kwenye nguzo ya mlango.

"Ungeniambia!" akasema.

"Nikuambie nini?"

"Shimo! Si uko hapo mbele, unaona?"

"Kwani wewe huna macho?"

Akabadilisha gia. Na mimi nikakata shauri kufunga mdomo. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, nimelea watoto wake, nimepakia gari lake, na sasa hata mashimo ya serikali ni kosa langu. Nikageukia dirishani, nikavuta mtandio juu ya bega linalochomwa na jua, nikanuna hasa.

Fundi akapunguza mwendo. Halafu akapunguza tena. Magari yakaanza kujipanga nyuma yetu na kupiga honi, yakatupita moja moja, madereva wakitutazama kwa macho makali.

"Mwalimu, umelala?"

Kimya.

"Mbele vipi?"

"Mbele kuko mbele," nikasema, na nilijiona nimeongea la maana.

Tulikwenda hivyo, mwendo wa kusindikiza harusi, mpaka nikaanza kuiona miti ya mtoni. Kisha nikaliona bango la kambi, lile kubwa lenye picha ya hema na samaki, rangi mpya kabisa. Njia ya vumbi ya kuingilia iko mita chache tu baada ya bango. Tumeipinda kila mwaka. Nikangoja apinde. Bango likapita. Njia ikapita. Fundi alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, shingo ameinyoosha mbele.

"Umepita," nikasema.

Akakanyaga breki palepale katikati ya barabara. Nyuma yetu lori lilipiga honi ndefu, likakwepa, likatupita karibu kiasi kwamba kioo chetu cha pembeni kilitetemeka. Nilipoweza kupumua nilimwona bado ameshika usukani vilevile.

"Hukusema," akaniambia, taratibu. "Nilidhani utasema."

Alilisogeza Kobe ukingoni. Nikashuka nimwongoze arudi nyuma mpaka njia ya vumbi. Nilisimama pembeni anaponiona. Akatoa kichwa dirishani, akanielekezea uso, akaanza kurudi. Ukingoni palikuwa na mtaro. Gurudumu lilipoukaribia niliinua mkono asimame. Akaendelea. Nikainua mikono yote miwili, nikaipunga kama mtu anayefukuza ndege shambani. Akaendelea, ananitazama moja kwa moja, uso umetulia kabisa.

"Simama!" nikapiga yowe.

Akasimama hapohapo.

Nilikwenda mpaka dirishani. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza niligundua kwamba hanitazami usoni. Ananitazama sikioni. Nilikuwa nimeiona hali ile mara nyingi, mezani, kitandani, sebuleni, na siku zote nilidhani ana mawazo.

"Fundi," nikasema, "mkono wangu uko wapi?"

Nilikuwa nimeuinua mbele yake, kiganja wazi. Gari dogo likapita, vumbi likatufunika.

"Tufike kwanza, Mwalimu," akasema. "Nakuomba."

Fundi si mtu wa kuomba. Nikarudi kitini kwangu, nikafunga mlango, nikamsomea ile njia ya vumbi mpaka mtoni. Ni njia fupi, na sijawahi kuchoka hivyo maishani. Maneno niliyokuwa nikiyatupa ovyo miaka yote, kushoto, kulia, polepole, sasa kila moja lilikuwa zito mdomoni. Niliogopa kukohoa.

Mwenye kambi, mama mnene mwenye sauti ya kuchekesha ambaye sisi humwita Bibi Kambi, alitupokea getini.

"Karibuni nyumbani! Pale penu pako wazi, nimewafukuza watu wawili kwa ajili yenu."

"Ahsante, dada. Umependeza," akasema Fundi, akitazama juu kidogo ya kichwa chake.

"Muongo wewe! Nimeamka na malaria."

Tuliegesha pale petu. Nilisimama nikamtazama anavyofanya kazi. Aliweka kabari kwenye magurudumu, akafungua turubai la kivuli, akaunga mtungi wa gesi, akapima kwa kidole kama mpira umekaa sawa, akatoa viti viwili akavikunjua, na hakukosea hata kimoja. Kila kitu ndani ya Kobe alikitengeneza mwenyewe na mikono yake inakijua. Mtu yeyote angeapa kwamba anaona. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja ningeapa. Hilo lilinitia uchungu kuliko lile lori.

Nikachemsha chai. Nikakata mkate. Tukakaa tukiutazama mto, au mimi nikautazama. Maji yalikuwa yamepungua, mawe yalikuwa nje, na ng'ambo walikuwa wamefyeka vichaka vyote. Sikusema. Somo langu, utangulizi na kiini, lilikuwa limepotelea barabarani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tatizo lilianza mwaka juzi. Katikati pana kitu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Pembeni naona vizuri tu, ukingo wa barabara nauona, miti naiona. Lakini kitu nikikitazama chenyewe, kinatoweka." Alikunywa chai. "Nilikwenda kwa daktari peke yangu, siku ile niliyokuambia nafuata vipuri. Akasema halitarudi nyuma. Litaendelea hivyohivyo mpaka lifike linapofika."

"Na ukaendelea kuendesha."

"Mm."

Hapo hasira ikanipanda mpaka kichwani. "Usiniambie mm! Ulinipakia kwenye kile kiti, ukanipeleka kwenye malori na madaraja, na huoni? Mimi ni mzigo? Ungeniua, Fundi! Ungeua watoto wa watu! Nguzo ya geti ile, kama mjukuu wako angekuwa amesimama pale?"

Niliongea mpaka sauti ikanikatika. Nilimwambia hana haya. Nilimwambia mambo mengine pia, na jirani wa hema la tatu akageuza kiti chake. Fundi alisikiliza yote. Alipoona nimemaliza, alikuwa na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Lakini Mwalimu," akasema, "si ulikuwa unajua?"

"Nijue nini?"

"Kuhusu macho. Si ulikuwa unajua siku zote?"

Nilimtazama tu.

"Zamani ulikuwa unasema 'lori', basi," akaendelea. "Tangu mwaka juzi ukaanza kusema liko upande gani, la rangi gani, liko mbali kiasi gani, limeshapita au bado. Nikajua umegundua. Nikasema huyu mwanamke ana moyo. Ameona, na hataki kuniaibisha. Ananipa macho yake na hasemi hata neno." Alikohoa kidogo. "Ndiyo maana nami sikusema. Niliona tumeelewana. Kila tulipofika hapa salama nilikuwa nataka kukushukuru, nikaona nikikushukuru nitaharibu. Leo uliponyamaza nikajua umechoka na mimi. Nikasema ni haki yake."

Ukweli ni kwamba rangi za malori nilianza kuzitaja kwa sababu nilikuwa nimechoka kusema "lori, lori" kama kasuku. Umbali niliongeza kwa sababu safari ilikuwa ndefu na maneno machache. Nilikuwa najipigia soga mwenyewe ili siku ipite. Huku yeye, pale kulia kwangu, alikuwa akilishika kila neno kama mtu anayeshuka ngazi gizani anavyoshika ukuta.

Ningeweza kumwambia ndiyo, nilijua. Neno moja tu, na angelala usiku ule akiamini hakunificha kitu, kwamba tulikuwa wawili ndani ya ile siri. Nilikaribia kulisema. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka mpaka kwenye mifupa, na uongo nao ni mzigo wa kubeba mpaka nyumbani.

"Sikujua," nikasema. "Fundi, nilikuwa naongea tu."

Akakiweka kikombe chake chini. Niliona lile neno likimwingia polepole. Safari zote zile, madaraja yote yale, zilikuwa zinapita mbele yake upya, na safari hii mimi sikuwa mwenzake. Nilikuwa mtu aliyekaa kando yake hajui chochote, angeweza kunyamaza wakati wowote kwa sababu ya usingizi, au ya kikombe cha chai, au ya kununa.

"Ina maana ningekuua," akasema, "na ungekufa hujui kwa nini."

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Nisamehe."

Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa Kobe, akautafuta mkono wangu kwenye paja akauweka ndani yake na kuvikunja vidole vyangu juu yake. Ulikuwa na joto la mwili wake. Binti yetu alidhani nitaupata kwa vita. Nilikuwa nimeupata, na nikatamani mtu aje aniondolee.

"Sijui utatufikishaje nyumbani," nikasema, na machozi yalikuwa karibu. "Nami siwezi kuliendesha hili dubwana."

"Hilo niachie mimi." Akanipapasa bega. "Usinisomee kitu leo. Hata mto usinisomee. Lala."

"Nitalalaje mchana?"

"Funga macho, ufunge na mdomo. Huo ndio mgumu zaidi kwako, najua."

Alinifunika miguu kwa mtandio wangu. Niliegemeza kichwa kwenye kiti, nikasikia maji yanavyopita kwenye mawe, watu wakiosha vyombo bombani, mtu akipigilia kigingi cha hema. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyekuwa akingoja neno langu. Usingizi ulinibeba kama mtoto.

Nilipoamka jua lilikuwa bado juu, limehamia upande wa pili wa turubai. Fundi alikuwa amekaa kwenye kingazi cha Kobe, amenipa mgongo nusu, simu sikioni. Namba ya binti yetu iko kwenye kitufe cha kwanza, anaijua kwa kidole.

"Kesho asubuhi basi," alikuwa akisema. "Njoo na mumeo, yeye ataliendesha Kobe, sisi tutapanda kwenu. Hapana. Hapana, mama yako hajanilazimisha kitu. Ufunguo nimeutoa mwenyewe."

Akasikiliza. Sauti ya binti yetu ilikuwa juu, naisikia mpaka pale nilipo, ingawa sikuyapata maneno. Fundi aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Alimwacha aseme yote, kama alivyoniacha mimi.

"Una haki," akasema mwishowe. "Yote uliyosema ni kweli, na mengine hata hujayajua nitakuambia mwenyewe ukifika. Lakini sikiliza, mwanangu. Usije ukamuuliza mama yako kwa nini alikubali kupanda gari la kipofu. Hakuwahi kupanda gari la kipofu. Miaka hii yote dereva alikuwa yeye. Mimi nilishika usukani tu."

Nilifumba macho upesi asije akaniona nalia. Kisha nikakumbuka, nikayafumbua, nikalia nikimtazama.